Mke wangu anaupenda wimbo wa mwanamke aliyempa mgeni lifti. Je, ananiambia kitu?

"Mwalimu, salamu. Mimi na mke wangu tuko mwaka wa nne wa ndoa na hatujajaliwa mtoto. Yeye amepimwa akaambiwa hana tatizo. Mimi sijaenda. Kuna wimbo wa kundi la Heart, All I Wanna Do Is Make Love to You, ambao ameupenda tangu kabla hatujaoana. Huuimba akipika, huuimba tukiwa kwenye matatu ya Rongai. Nilidhani ni wimbo wa mapenzi tu, na dada yangu ameuchagua uchezwe kwenye harusi yake Desemba. Juzi tukila nyama choma, binamu yangu alicheka akaniuliza kama nimewahi kuusikiliza hadi mwisho. Nilipofika nyumbani nikausikiliza. Tangu siku hiyo sina usingizi. Mke wangu husafiri Nakuru kikazi karibu kila mwezi, na nimeanza kupekua simu yake usiku. Sijaona kitu. Wimbo huu una maana gani hasa? Na mwanamke anayeupenda namna hii, hawezi kuwa anatuma ujumbe?"

Ndugu yangu, barua yako yote inahusu wimbo isipokuwa sentensi moja fupi uliyoipitia haraka: "Mimi sijaenda." Nitaifikia. Nianze na wimbo, kwa kuwa nyimbo ndizo fani yangu, na kwa kuwa binamu yako amekupa nusu ya kisa akakuachia nusu nyingine ujijazie mwenyewe usiku.

Kisa ni hiki. Usiku wa mvua, mwanamke anaendesha gari peke yake. Kando ya barabara amesimama kijana, hana mwavuli wala koti. Mwanamke anasimama, anampa lifti, kijana anaingia akitabasamu. (Mkazi wa Nairobi hapa ameshapata wasiwasi. Usiku, mvua, mtu usiyemjua, na mlango wa gari unafunguliwa! Wimbo huu ungetungiwa Thika Road, ubeti wa pili ungeandikwa kituo cha polisi.) Hamwulizi jina. Wanafika kwenye hoteli ambayo mwanamke anasema anaijua vizuri, na wanalala pamoja. Asubuhi kijana anaamka, mwenzake ameshaondoka, amebaki na kikaratasi. Kimeandikwa kwamba mwanamke ni ua na kijana ni mbegu, kwamba wameingia bustanini wakapanda mti, na kwamba asithubutu kumtafuta. Siku nyingine, baada ya muda, njia zao zinakutana tena. Kijana anashtuka kuyaona macho yake mwenyewe. Neno "mtoto" halitajwi popote. Ni macho tu. Mwanamke anamsihi aelewe: anampenda mwanamume mwingine, na kijana huyu alikuwa na kitu kimoja kidogo ambacho huyo mwingine hakuweza kumpa.

Sasa, kwa nini wewe, mkeo, dada yako na nusu ya Kenya mmeuimba miaka yote hii bila kukisikia kisa hicho? Si ujinga. Ndivyo wimbo ulivyojengwa. Kumbuka maswali ya ushairi ya Kidato cha Nne: nafsineni, yaani anayesema, ni nani, na anamwambia nani? Katika beti, mwanamke anatusimulia sisi, na kijana ni "yeye". Kibwagizo kinapoingia, kijana anageuka "wewe", na kila msikilizaji anaona anaimbiwa yeye. Beti zinaimbwa kwa sauti ya chini, karibu na mazungumzo. Kibwagizo kinapanda na gitaa na sauti nyingi juu yake. Sikio hushika kilichopaa na kilichorudiwa. Ubeti unaofichua mambo unakuja mara moja tu, umechelewa, na kabla hujaumeza kibwagizo kimerudi kukufunika.

Halafu kuna ufundi ambao mimi nauheshimu hata kama wimbo wenyewe siupendi sana. Kibwagizo kinasema mwanamke hataki kingine chochote ila kufanya mapenzi na huyu. Mara ya kwanza tunasikia mahaba yaliyomzidi mtu nguvu. Baada ya ubeti wa mwisho, maneno yaleyale yanakuwa masharti ya biashara: hicho tu, basi, usinitafute. Hata lile swali analoiuliza majaliwa mapema, kama haya ni mapenzi ya kuonana mara moja, linageuka. Yeye alijua anachokwenda kutafuta. Aliyeamini majaliwa ni kijana.

Kwa hiyo si wimbo wa tamaa, wala si wimbo wa ndoa. Ni hadithi ya mtu aliyechukua kitu kikubwa kutoka kwa wanaume wawili bila kumwomba hata mmoja. Watu wengi humhurumia mume. Mimi humhurumia zaidi kijana, ambaye ana damu yake duniani na ameambiwa asithubutu kuuliza. Dada yako, nadhani, hajaufikia ubeti wa mwisho. Mwambie wiki hii kabla hajamkabidhi DJ orodha. Akijua na bado akautaka, harusi ni yake.

Nisahihishe mambo matatu yanayosemwa sana kuhusu wimbo huu, na moja linakugusa moja kwa moja.

Wapo wanaosema mwanamke yule ni malaya, kwa sababu ya hoteli aliyoijua vizuri. Mshororo huo kweli unaacha mlango wazi: pengine amewahi kujaribu na wengine, pengine ni hoteli tu aliyoipita kila siku. Mtunzi hakusema, nami sitamjazia.

Wapo wanaosema ni ungamo la mwimbaji. Hapana. Ann Wilson, anayeuimba, hakuutunga. Uliandikwa na Robert John Lange, anayejulikana kama Mutt, mwanamume aliyezaliwa Mufulira, Zambia ya leo, mwaka 1948, akakulia Afrika Kusini. Unamjua bila kumjua: ndiye aliyetayarisha muziki wa Shania Twain katika miaka yake mikubwa, na wakaoana. Mwimbaji Dobie Gray aliurekodi 1979 ukiwa na beti tofauti kabisa, bila kisa hiki. Heart waliutoa 1990 na hadithi ya lifti ndani yake. Ukafika nafasi ya pili Marekani na ya kwanza Kanada na Australia. Ann Wilson amesema hadharani kwamba walishinikizwa kuurekodi, na kwa miaka mingi kundi liliukwepa jukwaani. Fikiri kidogo juu ya hilo. Hofu iliyokukosesha usingizi, kwamba mwanamke anaweza kumletea mwanamume mtoto asiye wake, ni hofu ya wanaume ya tangu zamani, na hapa imeandikwa na mwanamume akaitia kinywani mwa mwanamke ambaye mwenyewe hakuwa na hamu ya kuiimba. Kuutumia wimbo huo kama dirisha la kuchungulia moyo wa mkeo ni kutazama dirisha lisilo lake.

Na wapo, hasa wanaume wakiwa na bia mezani, wanaosema mume wa wimbo "hana nguvu". Wimbo hausemi hivyo. Hata hausemi ni mume. Tumemwoza sisi wasikilizaji. Unasema tu kwamba kuna kitu kimoja hakuweza kumpa. Nguvu za kiume ni jambo moja na uwezo wa kuzalisha ni jingine. Mwanamume anaweza kuwa mzima kitandani, hana upungufu wowote anaouona, na shahawa zake zisiwe na mbegu hata moja. Mwingine anapata shida ya kusimama na mbegu zake ni nzima kabisa. Kuchanganya mambo haya mawili ndiko kunakowafanya wanaume wetu wakwepe maabara, wakidhani wanakwenda kupimwa uanaume.

Swali la ujumbe. Sikucheki kwa kuliuliza, maana halikutoka hewani. Pwani yetu ina desturi ndefu ya taarabu, ambapo mwanamke husubiri ubeti fulani, akainuka kumtuza mwimbaji, akapita na noti mkononi mbele ya anayemkusudia, na ukumbi mzima ukajua kijembe kimempata nani. Pale wimbo ni barua kweli. Lakini kijembe kina masharti: mlengwa awepo, maneno ayaelewe, na anayekirusha atake kifike. Mkeo ameuimba wimbo huu tangu kabla ya ndoa, akisukuma chapati, na mlengwa hakuelewa neno mpaka binamu alipomgutusha kwenye nyama choma. Kama hicho ni kijembe, ni kijembe butu kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Mwenye siri ya namna ile, nadhani, angekuwa wa kwanza kubadilisha stesheni wimbo ukianza.

Tena kuna jambo la wazi ambalo usingizi ulipokupotea nalo likapotea: katika wimbo mtoto yupo. Kwenu hayupo. Kisa ulichokisikia hakijatokea nyumbani kwako.

Naweza kukisia kwa nini anaupenda, nawe ukumbuke ni kukisia. Unaimbika. Ulikuwapo kwenye redio za wakubwa wetu Jumapili jioni. Na inawezekana, tangu muanze kusubiri mtoto, kuna mshororo unaomgusa asiouweza kuusema mezani, wa mwanamke aliyetaka mtoto mpaka akafanya jambo la hatari. Kuelewa kutaka huko si kukusudia kitendo. Hiyo ni huzuni, na huzuni ya mkeo unaweza kuiuliza.

Hatari yenyewe wimbo unaipita kwa upole mno. Ulitoka 1990. Kenya ilikuwa imepata mgonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI 1984, na serikali ingeutangaza kuwa janga la kitaifa 1999. Katikati ya miaka hiyo anakuja mwanamke wa wimbo, analala bila kinga na mtu asiyemjua jina, na hofu ya ugonjwa haimo hata kwa kivuli. Mimba nayo inashika usiku uleule, wakati hata wenzi wasio na tatizo huwa na nafasi kama moja kwa nne au kwa tano kila mwezi. Hadithi ina haki ya kuwa na bahati. Msomaji mwingine aliyejikuta kwenye usiku kama ule asingoje bahati: dawa za kuzuia maambukizi ya HIV, PEP, huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi.

Niseme na hili, maana hatukungoja roki ituletee tatizo hili. Jamii zetu zililijua na zilikuwa na njia zake. Kwa Wakamba, nyumba isiyo na mtoto iliweza kuoa iweto, mwanamke anayeolewa na mwanamke mwenzake ili amzalie watoto wa nyumba hiyo. Wanandi nao wana ndoa ya wanawake wawili ya namna hiyo, na watoto hupata jina na urithi. Siipambi desturi hiyo. Yule mwanamke aliyeolewa mara nyingi alitoka nyumba maskini na sauti yake katika mpango mzima ilikuwa ndogo. Lakini wazee walikaa, mahari ikalipwa, kila mtu akajua mtoto ni wa nani kwa desturi. Katika wimbo, watu wazima ni watatu na anayejua tangu mwanzo ni mmoja.

Sasa ile sentensi yako.

Ulipousikiliza wimbo hadi mwisho, ulijiweka moja kwa moja kwenye nafasi ya mwanamume asiyeweza kutoa kile kitu kidogo. Hakuna aliyekuweka hapo. Mkeo ana majibu yake, wewe huna yako, na akili isiyo na majibu hujitungia. Ndiyo maana unapekua simu: unatafuta kosa kwake ili usilazimike kutafuta jibu kwako. Nakuambia hivi bila kukulaumu, kwa kuwa wanaume wengi wa Nairobi wangefanya vivyo hivyo. Na ona kwamba mume wa wimbo hapewi hata mshororo mmoja wa kusema. Wewe unaweza kusema.

Mimi si daktari, ila ninachokijua kinatosha kukuelekeza. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa kuna tatizo la uzazi wenzi wanapokaa miezi 12 wakijamiiana mara kwa mara bila kinga na mimba isipatikane. Nyinyi mmepita hapo zamani. Mwaka 2023 shirika hilo lilisema mtu mmoja kati ya sita hivi hukutana na hali hii wakati fulani maishani, kwa hiyo ndani ya matatu yako ya Rongai hamko peke yenu. Na karibu nusu ya visa vina mchango wa upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na wa mwanamke.

Kipimo cha kwanza cha mwanamume ni chepesi kuliko vyote alivyopitia mkeo. Hukatwi wala huchomwi. Unakaa siku mbili hadi saba bila kutoa shahawa, unatoa sampuli kwenye kikombe, maabara wanatazama wingi wa mbegu, mwendo wake na umbo lake. Matokeo yakiwa mabaya mara moja, hayajakuhukumu: mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, na homa kali uliyougua wakati huo inaweza kuzishusha, ndiyo sababu daktari huagiza kipimo kirudiwe. Yapo yanayotibika, kama mishipa ya damu iliyovimba kwenye korodani au maambukizi ya zamani yaliyopuuzwa. Yapo yasiyotibika kwa urahisi. Kama unadungwa homoni za kiume kwa ajili ya misuli huko jimu, mwambie daktari, maana homoni hizo huzima utengenezaji wa mbegu. Na zile chupa za dawa za nguvu zinazouzwa mjini kwa ahadi kubwa, ziache hapo zilipo; hazitibu jambo hili, na hujui kilichotiwa ndani.

Upande wa pili nao usidhani umefungwa. "Hana tatizo" inaweza kumaanisha alipimwa damu tu, au inaweza kumaanisha mirija yake ya uzazi pia ilitazamwa. Hizo ni habari mbili tofauti. Muulize alifanyiwa nini hasa, si kwa kumshuku, bali kwa kuwa daktari atakuuliza hivyohivyo.

Utaanzia wapi? Unaweza kumkabili mkeo kwa wimbo: "Kwa nini unaimba hivi?" Sikushauri. Atasikia mashtaka, nawe utapata ugomvi mahali pa jibu. Unaweza kwenda kupimwa kimyakimya kisha umwambie matokeo. Naelewa mwanamume anayetaka kuvumilia aibu yake peke yake kwanza, na hilo ni bora mara mia kuliko kutokwenda. Ila ningekuwa wewe ningemwambia kabla: "Nimechelewa kupimwa. Naenda wiki ijayo. Naogopa." Maneno hayo matatu mafupi nadhani ameyangoja tangu siku alipokwenda hospitali bila wewe.

Kuhusu simu, acha leo. Umetafuta, hukuona kitu, na usiku mwingine wa kutafuta hautakuletea imani. Kama umwambie ulipekua au la, hapo watu wenye busara hutofautiana. Mimi naegemea kumwambia, kwa sababu anaweza kuwa ameshajua, lakini isiwe kwenye mazungumzo yaleyale ya kupimwa. Moja moja.

Mahali pa kwenda si mbali. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina madaktari wa uzazi na wa njia ya mkojo, na kliniki binafsi za uzazi zipo kadhaa mjini. Utungishaji wa maabara upo nchini pia, watoto wa kwanza wa njia hiyo wakizaliwa Nairobi mwaka 2006, ila unagharimu laki kadhaa kwa jaribio moja bila ahadi ya mimba, kwa hiyo usiruhusu mtu akupeleke huko kabla ya vipimo vya kawaida kukamilika. Uliza bei ya kila hatua na uandikiwe.

Ukiona matokeo yamekuja mazuri na bado unashuku, au usingizi haurudi, au hasira inakufikisha mahali unapohisi mkono unaweza kuinuka, usiniandikie mimi tena. Tafuta mshauri wa ndoa aliyesomea kazi hiyo, uso kwa uso, na hilo la mkono ulitafutie msaada siku hiyohiyo. Kasisi au imamu anaweza kusaidia kama ana mafunzo na anajua kutunza siri. Wapo, na wapo wasiojua.

Siku ya kliniki, ingieni chumbani wote wawili. Beba karatasi zote za mkeo za vipimo vya nyuma, orodha ya dawa unazotumia na magonjwa uliyowahi kuugua, hata matumbwitumbwi kama uliyapata ukiwa umeshabalehe, kwa kuwa daktari atauliza.